Kiti Kinachongoja Karibu

Nyumba ya Ghorofa, nyuma ya Boma,
Kisarawe.
Jumatatu, 9 Machi 1953.

Kwa Mheshimiwa Mjomba Mwinyijuma bin Mwinyimadi,
Karani wa Mizani, Shamba la Mkonge,
Sofu, Kibaha.

YAH: KUTAKA KUNIPORA MKE, NA KUKISINGIZIA KITI CHANGU

Mjomba, shikamoo.

Kabla hujaikunja barua hii ukaiwashia sigara, tafadhali ujue kwanza unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na mtu wa pekee katika Jimbo zima la Mashariki, kuanzia pwani mpaka milima ya Uluguru, aliyewahi kumpandisha binadamu ghorofani bila binadamu huyo kunyanyua hata kisigino. Mabwana wakubwa wote wa Dar es Salaam, na kofia zao, wakitaka kwenda kulala hupanda ngazi kwa miguu kama mbuzi. Mama yako mzazi hapandi hivyo. Mama yako hupanda amekaa, amekunja nne, tambuu mdomoni. Aliyemfikisha kwenye cheo hicho ni mimi, Twalibu, niliyeacha shule darasa la nne si kwa ujinga kama unavyowatangazia watu, ila mwalimu alikuwa amemaliza ya kunifundisha na nilimwonea huruma.

Habari za huku ni njema. Mimi mzima, bibi mzima, kiti kizima. Mgonjwa ni betri tu, na kanzu yako, ambayo Mwanne jirani ameifua na kuishona pindo. Imebaki alama ndogo ya grisi mgongoni, lakini mgongo wako wewe huuoni.

Sasa niingie kwenye shauri. Jana ulipoondoka hapa umekasirika ulisema mbele ya mashahidi: "Ijumaa nakuja na gari. Namchukua mama akakae kwangu Kibaha, nyumba ya chini, hakuna cha ngazi wala cha kiti." Mimi nilitaka kujibu, lakini ulikuwa umeshika spana yangu.

Kwa hiyo najibu leo, kwa maandishi, nikiwa mbali na spana. Mjomba, huwezi kumchukua Bibi Mwanamkuu. Wewe ni mwanawe, hilo nakubali. Lakini mimi ni mumewe. Tangu sijaota meno mama yako ananiita "mume wangu", nami namwita "mke wangu", na hakuna mtu Kisarawe asiyejua. Mahari nilitoa: ndizi mbivu, niliyokuwa nimeing'ata kidogo upande mmoja kuhakikisha kama inafaa. Aliipokea, akaila mbele za watu. Talaka sijatoa na sina nia. Kwa hesabu hiyo, ukiitazama vizuri, mimi ni baba yako wa kambo. Ila sikutaka kukutia aibu kazini kwako, ndiyo maana nimetangulia mimi kukuamkia.

Yafuatayo ni malalamiko yangu. Nimeyatia namba kwa sababu najua wewe ni karani, na kitu kisicho na namba hukioni.

1. Kwamba ulikiita kiti changu mtego wa panya.

Mjomba, mtego wa panya una springi moja. Kiti changu kina springi nyingi kuliko kitanda chako. Hebu nikueleze taratibu, maana jana ulikuwa unapiga kelele na mota nayo inapiga kelele, hukusikia maelezo.

Reli zilizo kando ya ngazi ni zile za toroli za mkonge, chakavu, nilizopewa na Fundi Wilbrod wa karakana ya shambani kwenu. Alinipa kwa mkono wake, naomba asiulizwe. Mota ni stata ya lori. Stata ambayo kazi yake ilikuwa kuliamsha lori la tani tatu asubuhi, itashindwa kumwamsha bibi kizee mwenye magoti mabovu? Mota inazungusha pipa dogo, pipa linavuta waya wa chuma, waya unavuta kiti, kiti kinamvuta mke wangu. Umeme unatoka kwenye betri ya lori la Mbaraka, yule dereva anayebeba mkaa. Akiwa hapa, betri ni ya kiti. Akiondoka, betri ni ya lori. Mkataba wetu ni mzuri, isipokuwa siku ambazo bibi amepanda sana, hapo lori huwa linasukumwa mpaka mteremko wa Pugu.

Lakini hayo yote ni ya kawaida, hata mtu wa darasa la tano angeyaweza. Ufundi wenyewe uko kwenye amri. Mafundi wengine huweka mota huku, swichi kule, breki kwa jirani, waya zimetandazwa nyumba nzima kama nguo za siku ya arusi. Mtu mmoja akitaka kupanda wanahitajika watu watatu wa kumpandisha, nao wakigombana yeye ananing'inia. Mimi nilisema hapana. Mota na amri zake zikae nyumba moja, zilale pamoja, ziamke pamoja. Ndipo nikafunga kila kitu ndani ya debe la mafuta ya taa chini ya kiti, nikaliita kisanduku cha amri. Juu yake kuna mkono mmoja tu. Ukiusukuma mbele unapanda, ukiuvuta nyuma unashuka, ukiuacha katikati unatulia. Chini ya mto kuna springi inayokiambia kiti kama kimekaliwa, kisiende safari ya bure. Mbele ya miguu kuna ubao: ukigusa kitu chochote kwenye ngazi, umeme unakatika na kiti kinasimama chenyewe. Kuku wa Mwanne aliwahi kuja kuatamia kwenye kidato, kiti kikafika, kikamgusa kidogo, kikasimama kumngoja. Kuku yu hai. Mayai yaliharibika, lakini hayo yaliharibika kwa hasira za kuku mwenyewe.

Fundi Wilbrod alipouona mchoro wangu alisema, "Twalibu, kichwa chako kina injini, ila breki walisahau kufunga." Nimeshukuru kwa maneno yale ya mwanzo.

2. Kwamba ulisema kiti kinapoteza muda njiani.

Hapa, Mjomba, unakilaumu kwa adabu yake. Kiti cha mwanzo hakikuwa na adabu. Kilikuwa na panda na shuka, basi. Siku ya kwanza nimempakia bibi, kimeanza kuondoka, akaingia Mzee Matano wa nyumba ya tatu. Unamjua salamu zake. Ndiyo kwanza anauliza "Umeamkaje Mwanamkuu?", bibi ameshapita usawa wa kichwa chake. Anauliza habari za magoti, yeye anaona nyayo tu. Anauliza mpunga wa kule shambani Msimbu umeotaje, anauliza hewa. Jioni yake alikwenda barazani akawaambia wenzake, "Mwanamkuu siku hizi anakusalimu huku anakukimbia. Ghorofa imemwingia kichwani." Bibi alilia, wallahi. Alilia kuliko siku alipoanguka ngazini.

Nikalala na jambo hilo, asubuhi nikawa na dawa yake. Nilifunga kitufe kwenye mkono wa kulia wa kiti, kipande cha pembe ya honi ya lori, nikakiita kitufe cha salamu. Ukisalimiwa unakishika, kiti kinatulia popote kilipo. Salamu zikiisha unakiachia, safari inaendelea. Mzee Matano alirudi kujaribu. Aliuliza habari za watu wote wa nyumbani, walio hai na wasio hai, akaingia za mikorosho, akaishia na meno yake mwenyewe. Kiti kilitulia tuli. Akaondoka anakisifu, akasema kina adabu kuliko mimi.

Ni kweli kwamba baada ya hapo mambo yalizidi kidogo. Katikati ya ngazi kuna kile kidirisha kinachotazama njia ya kwenda Boma. Bibi akifika pale, daima kuna mtu wa kumsalimia. Akikosekana, anaita: "Wee uliyebeba kuni, huniamkii?" Basi anakishika kitufe, mazungumzo yanaanza. Mwanne akawa anamletea kahawa palepale. Wanawake wa mtaa wakaanza kupitia kusalimia kwa zamu, wengine na ukili wao mkononi, wanasuka huku wamekaa kwenye vidato. Mimi nikitaka kupita na spana naambiwa, "Mume wa watu, zunguka." Nizunguke wapi, ngazi ni moja?

Lakini hilo ni kosa la kiti? Kiti kimefanya kilichoagizwa. Wanaochelewesha ni watu na salamu zao. Naomba uwaandikie hao.

3. Kwamba ulisema kiti hakina akili.

Mjomba, hili limeniuma. Kiti kile kina akili mpaka nyingine nimeirudisha sandukuni.

Sikia. Huko juu ni kwa mwanamke. Siku moja Mbaraka aliomba kujaribu, maana betri ni yake. Nikampakia. Kiti kikampandisha vizuri, kikamfikisha juu, kikamshushia miguu mlangoni mwa bibi, buti zimejaa mkaa, bila hodi, na bibi yuko na kanga moja anachana nywele. Alimrushia kata, na maji yake. Mbaraka mpaka leo akipita hapa anapiga honi tangu kwa mbali.

Nikaona hapo ndipo ustaarabu ulipokosekana. Nikafunga mti wa kuzuia mbele ya tumbo la abiria. Kiti kikifika kidato cha mwisho kinasimama, na mti haufunguki. Abiria anapiga kengele, ile ya baiskeli, na kusema hodi. Aliye ndani akiridhika anavuta kamba iliyo kando ya kitanda. Hiyo ndiyo karibu. Mti unafunguka, abiria anaingia kwa heshima zake. Na asipojibiwa? Wewe mwenyewe ulinifundisha, tena kwa kunifinya sikio: "Hodi ni tatu, hukujibiwa rudi ulikotoka." Basi nilitia gurudumu la meno matatu, kila kengele jino moja. Jino la tatu likipita bila karibu, gurudumu linausukuma mkono nyuma, na kiti kinamrudisha mtu chini, polepole, bila kumtukana.

Niambie, Mjomba, kule shambani kwenu mnayo mashine inayobisha hodi? Ile ya kusaga mkonge inabisha hodi? Juzi juzi imekula kidole cha mtu bila hata kusema samahani.

4. Kuhusu mambo ya jana, uliyoyaita aibu.

Hapa nitaeleza kama yalivyokuwa, ili usije ukawasimulia watu wa Kibaha hadithi yako mwenyewe.

Ulikuja saa tisa, umevaa kanzu nyeupe, ukakaa kwenye kiti cha kamba pale chini. Nilitoa hotuba fupi. Ulisema si fupi, tuliache. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya, akakaa, nikafunga mti, nikasukuma mkono. Mota ikalia, kiti kikapanda. Ulisema "Masha-Allah." Usikatae, Mwanne alikusikia.

Bibi akafika juu. Kiti kikasimama. Akapiga kengele, akaita kwa sauti nzuri, "Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani!"

Kimya. Ndipo nikagundua kitu ambacho hata wewe karani hukukigundua. Huko juu anakaa nani? Anakaa bibi. Na bibi yuko wapi? Yuko nje, anabisha hodi. Siku zote nilipokuwa nikijaribu, yeye alikuwa ndani ananivutia kamba mimi. Hatukuwahi kujaribu yeye akiwa abiria mpaka mwisho, kwa sababu kila siku anaishia kidirishani na salamu zake, na vidato vilivyobaki namalizia kumbeba mwenyewe.

Nilitaka kumwambia asipige ya tatu. Lakini unamjua mama yako, hodi hazikatishi. Akapiga ya tatu. Jino likapita. Kiti kikageuka, kikaanza kumrudisha chini, yeye amekaa na uso wa mtu aliyefika ugenini akakuta wenyeji wamesafiri.

Alipofika chini, nilidhani yameisha. Kumbe ile springi chini ya mto, iliyokuwa inajua kazi yake, ikaona mtu amekaa na mkono umegota mwisho wa nyuma. Nilikuwa nimeipanga kwamba kiti kikifika chini na kimekaliwa, basi ni abiria mpya, asingojeshwe. Kikampandisha. Juu: hodi, hodi, hodi. Chini. Juu. Mti umemfunga, na mkono ukishakamatwa na gurudumu haukubali kurudi katikati, basi mke wangu akawa anakwenda na kurudi kama ndoo ya kisimani.

Wewe ukasimama, ukapiga kelele kutoka chini, "Karibu! Karibu, mama, karibu!" Mjomba, kiti hakina masikio, kina kamba. Naye bibi akakujibu akiwa anapita, "Mwinyijuma, unanikaribishaje chumbani kwangu mwenyewe? Umekuwa mwenye nyumba lini?"

Ukaanza kupanda kwa miguu uende ukavute kamba. Nilikwambia usipande. Nilisema mara nyingi. Ubao wa miguu ukakugusa goti, kiti kikasimama kama kilivyosimama kwa kuku, nikasema alhamdulillahi. Wewe badala ya kutulia ukaruka kando yake, pindo la kanzu likanaswa na ule waya wa chuma, na kiti kilipoona njia ni nyeupe kikaondoka na bibi na kanzu yako na wewe mwenyewe ukikimbia nyuma nyuma. Hapo watu walicheka, siwezi kusema hawakucheka. Lakini mimi sikucheka. Mimi niligeuka ukutani.

Nikakumbuka kitufe cha salamu. Nikamwambia, "Mke wangu, shika kitufe, kitasimama!" Akasema, "Nishike kitufe cha salamu na hakuna aliyenisalimia? Nitaonekana mwehu." Ndipo wewe, umetoka kwenye kanzu, umebaki na shuka ya ndani, ukasimama chini ya ngazi na kusema, "Shikamoo mama." Akashika kitufe. Kiti kikatulia. "Marahaba, baba. Hujambo?" "Sijambo." Na kwa kuwa ulisema sijambo peke yake, salamu zikaisha, akakiachia, kikaondoka. "Shikamoo mama!" "Marahaba, hujambo?" "Sijambo, mama usiachie!" "Habari za watoto?" Hivyo hivyo, Mjomba, mkazungumza mama na mwana mpaka betri ikazimika. Mwanne anasema miaka mingi hajasikia umemjulia hali mama yako kwa kirefu namna ile.

Betri ilipokufa kiti kiligota katikati, kando ya kidirisha. Breki ilishika barabara, bibi hakuteleza hata inchi. Hilo hamkunisifu. Nikafungua mti kwa spana, wewe ukamgeuzia mgongo, ukambeba mpaka juu. Bibi alikuwa anacheka, anakupiga begani: "Twende, Mwinyijuma, zamu yako kunibeba." Ulipofika juu ulikuwa umeshika kiuno. Na pale pale, kabla hujapata pumzi, ukatoa hukumu ya Ijumaa.

Sasa mimi nauliza: hukumu ile ilitolewa na mjomba wangu au na kiuno chake?

5. Kwamba unataka kumpeleka mke wangu kwenye nyumba isiyo na ghorofa.

Hili ndilo lalamiko kubwa, mengine yote nilikuwa napasha moto mota. Mjomba, nyumba yako ya Sofu naiheshimu. Ina bati, ina sakafu ya saruji, ina picha yako ukutani umekaa na mizani. Lakini iko chini. Ukimweka bibi pale, kiti kitapanda wapi? Na bibi mwenyewe atamfahamu nani? Atakaa mlangoni, watu wa mkonge watapita asubuhi na jioni, hamjui mtu, hajuliwi na mtu. Hapa hata mbuzi wa Boma wanamjua. Wewe utakuwa mizanini kutwa nzima. Mkeo ana watoto sita. Nani atauliza habari za magoti? Huyu ni mtu ambaye asiposalimiwa anaugua. Jana uliona.

Kwa hiyo, kwa heshima zote za mpwa na kwa mamlaka yote ya mume, naomba yafuatayo:

(a) Hukumu ya Ijumaa ifutwe.

(b) Nipatiwe betri yangu mwenyewe, ili lori la Mbaraka lipumzike kusukumwa. Ninyi shambani mnazo, nimeziona zimepangwa nyuma ya ghala, zinakula vumbi.

(c) Aajiriwe mtu wa kukaa juu kutwa nzima kwa kazi ya kusema karibu. Asiwe mtu wa maneno mengi. Ikishindikana, nitatia gurudumu jingine, linalojua kwamba anayebisha ndiye mwenye nyumba. Michoro ninayo, imebaki kuchora.

(d) Kama bado unashikilia kumpeleka Kibaha, basi kwanza ujenge ghorofa. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya bibi, maana ameshazoea kupandishwa. Ghorofa ikikamilika nitakuja mwenyewe na reli. Na ukishakuwa na ghorofa wewe, majirani nao watataka. Wakijenga, watahitaji viti. Wakihitaji viti, itabidi kiwanda. Na kiwanda hakiwezi kukosa karani wa mizani. Unaona jinsi ninavyokufikiria? Baada ya miaka michache hakutakuwa na mtu kutoka Kisarawe mpaka Kibaha anayetumia magoti ila kwa sala.

(e) Uniombe radhi kuhusu mtego wa panya. Kwa mdomo inatosha.

Usiponijibu kufikia Alhamisi, nitalipeleka shauri kwa Liwali, nidai mke. Najua atacheka, lakini akimaliza kucheka atamwita bibi kutoa ushahidi, na bibi akianza kutoa ushahidi, wewe na mimi tutaota mvi barazani.

Ninakoma hapo, karatasi imeniangusha, si hoja. Msalimie sana mkaza mjomba Mwanahalima, mwambie ule muhogo wake wa nazi ndio kitu cha pekee Kibaha ninachokitamani. Wasalimie watoto wote sita, yule mdogo umfinye shavu kwa niaba yangu. Msalimie Fundi Wilbrod, mwambie breki zilishika. Mzee Matano anakusalimu, ila salamu zake nikiziandika zote nitahitaji daftari. Mwanne anakusalimu na anasema kanzu iko tayari. Kuku wake hakusalimu.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, na baba yako wa kambo ukinilazimisha,

Twalibu,
Fundi wa Viti vya Kupanda, Kisarawe.

Baada ya sahihi:

Mjomba, kabla ya kumpa Mbaraka barua hii aje nayo, nilimsomea bibi yote hapa chini, nilikomshusha asubuhi kwa mgongo wangu, nikitia sauti mahali panapostahili. Alicheka mpaka tambuu ikamtoka. Kwenye ile ya kanzu ilibidi ashikwe. Nilipomaliza akajifuta macho, akaniuliza, "Mume wangu, umeandika vizuri sana. Lakini hayo yote ni ya kunirudisha juu. Nani alikwambia nataka kurudi juu?"

Nikamwambia, "Si ndiko kwako?"

"Ndiko kwa babu yako. Yeye alipenda kuwatazama watu utosini. Mimi nilipanda kwa sababu yake, nikabakia kwa sababu ya magoti. Kibaha siendi, mwambie mwanangu. Na juu sirudi. Mimi nataka chumba cha mbele, hapa chini, mlango wazi, nasuka ukili wangu namwona anayepita."

Chumba cha mbele, Mjomba, ndimo ninamolala mimi, na stata zangu, na reli zilizobaki, na madebe. Niliiweka spana chini. Unajua si kawaida yangu. Nikamwuliza mbona hakusema siku zote hizo, akasema, "Chumba kilikuwa na vyuma vyako. Na wewe ulikuwa na furaha."

Kitanda chake tumekishusha leo mchana, mimi na Mbaraka. Sasa hivi ninapoandika haya mlango uko wazi na Mzee Matano yumo tangu adhuhuri, ameshafika kwenye mikorosho. Ijumaa usije na gari. Njoo kwa miguu yako ukae naye. Mimi nimehamia juu pamoja na vyuma vyangu, na ngazi hizi, kwa mtu aliyebeba stata, ni ndefu jamani, kwa hiyo ombi la betri liko palepale. Mengine yote niliyoyaandika yafute.

Kiti hakikuwa na kosa. Nilikitia adabu zote nilizofundishwa na watu wazima. Kilichoharibika kweli ni kimoja tu: bibi mwenyewe sikumwuliza anataka kukaa wapi.